Laptopu za zamani za Linux ziachiwe patisheni ya dharura

Mhariri, nawaomba mafundi wanaotuwekea Linux (mfumo endeshi wa kompyuta) kwenye hizi laptopu za mitumba, jamani msimalize diski yote, acheni hata GB 15 pembeni, tengenezeni patisheni, yaani sehemu ya diski iliyotengwa, ya ext4 (mpangilio wa mafaili wa Linux), mkopi humo faili la ISO la Clonezilla, programu ya kunakili na kurudisha mfumo, na picha ya mfumo, yaani nakala yake kamili, ukiwa bado mzima, halafu andikeni mstari wake wa menyu ya GRUB, ile inayotokea mashine ikiwaka, kwenye faili la /etc/grub.d/40_custom na kupiga amri ya sudo update-grub, basi. Siku apdeti ikiharibu mambo, mwalimu kule kijijini anachagua mstari mmoja tu mashine ikiwaka, hatafuti flashi wala bando. Ila mwambieni ukweli, kurudisha picha kunafuta mafaili mapya yaliyo kwenye patisheni ya mfumo, na diski ikifa vyote vinaenda, kwa hiyo kazi zake azikopi pia nje.

Msomaji, Morogoro