Vijana wa kompyuta waandike wanayoyajua

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na vijana wanaotengeneza programu za kompyuta, pamoja na wale wanaowaajiri.

Wanafunzi wengi ninaowafundisha huijua kazi vizuri, lakini wakihitimu hawana cha kumwonyesha mwajiri isipokuwa cheti ambacho mamia ya wenzao wanacho pia. Waliyoyagundua kwa kukesha mbele ya kompyuta hubaki vichwani mwao, na mwaka unaofuata kijana mwingine hukesha kwa tatizo lile lile. Nawasihi wayaandike katika makala za Kiswahili na kuyaweka mtandaoni kwa majina yao.

Makala kama hiyo si lazima iwe ndefu. Tuchukue mfano wa anayeunganisha duka la mtandaoni na M-Pesa kupitia Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu nyingine na M-Pesa. Nambari ya simu ya mteja hutakiwa kuanza na 254, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mwanzo, ilhali mteja mwenyewe amezoea kuiandika kwa 07. Isitoshe, anwani ya kupokelea majibu ya malipo ni lazima ifikike kutoka kwenye intaneti, kwa hiyo anayetoa anwani ya ndani ya kompyuta yake hatapata majibu hayo. Mambo haya mawili yanatosha makala moja nzuri, na anayefaa zaidi kuiandika ni yule aliyehangaika nayo juzi, kwa kuwa bado anakumbuka ni wapi hasa alipokwama. Mtaalamu wa miaka mingi huruka hatua hizo bila kujua kwamba ameziruka.

Ujumbe wa hitilafu unakiliwe ulivyo, herufi kwa herufi, kwani anayekwama hutafuta msaada kwa maneno hayo hayo. Toleo la programu na tarehe ya kuandika vitajwe, maana maelezo yaliyofaa mwaka 2019 huenda yakampotosha msomaji wa leo. Mwandishi aufuate mfano wake mwenyewe tangu mwanzo kabla ya kuutoa. Zaidi ya yote, nywila na funguo za siri za mwajiri zisionekane popote, hata ndani ya picha za skrini, ambamo husahaulika kwa urahisi.

Wapo watakaosema kwamba msimbo wenyewe, yaani maandishi ya amri zinazounda programu, ni wa Kiingereza. Amri na zibaki zilivyo. Kinachohitaji Kiswahili ni maelezo ya kwa nini amri fulani inatumika, kwa sababu asipoyaelewa hayo ndipo mwanafunzi anapoanza kunakili hatua asizozielewa. Anayetafuta kazi ng'ambo anaweza kuandika makala hiyo hiyo kwa Kiingereza pia.

Kwa waajiri, ombi langu ni kwamba matangazo ya kazi yaombe makala mbili tatu za mwombaji, na mahojiano yaanzie hapo: aulizwe kwa nini alichagua njia hii akaacha ile, na angefanya nini iwapo wateja wangeongezeka mara kumi. Majibu ya maswali hayo hayakaririwi. Walio kazini tayari nao wapewe saa chache kila mwezi za kuandika waliyoyatatua, msimamizi akiyapitia kwanza ili kuhakikisha hakuna siri ya kampuni inayotoka.

Mwalimu wa kompyuta,
Mombasa