Makala ya kufunga imeisahau hamira

Mhariri,

Makala yenu ya afya imesema mtu akikaa saa 16 bila kula, seli zake hujisafisha na kuchoma takataka zote. Nafundisha baiolojia kidato cha tano na cha sita hapa Tanga, na wanafunzi wangu walinijia na gazeti mkononi. Naomba nafasi, kwa sababu makala ile imeruka sehemu tamu kuliko zote, kisha ikaahidi kisichopimwa.

Chimbuko la elimu hii si watu waliofunga. Ni hamira, hiihii ya mandazi. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Yoshinori Ohsumi wa Chuo Kikuu cha Tokyo alichukua hamira isiyo na vimeng'enya vya kuvunja protini ndani ya vakuoli (kifuko cha seli cha kuyeyushia vitu), akainyima chakula, akaichungulia kwa hadubini ya kawaida. Baada ya saa chache vakuoli zilijaa vipunje vinavyochezacheza: vipande vya seli yenyewe, vimemezwa lakini havijayeyushwa. Kazi iliyoanzia hapo ilimpa Tuzo ya Nobel mwaka 2016.

Ila seli haijili ovyo. Ukiikuza hamira kwenye gliseroli, ambayo haiwezi kuichachusha, italazimika kutegemea mitokondria, vinu vya nishati vya seli, ili ipate nishati, nazo zitaongezeka. Ihamishie kwenye glukosi isiyo na naitrojeni: sasa nyingi ni za ziada, na seli huanza kuzivunja. Huzitambuaje? Mwaka 2009 makundi mawili, moja la Japani na jingine la Daniel Klionsky huko Michigan, Marekani, yalitoa jibu moja: protini Atg32, iliyochomoza kwenye utando wa nje wa mitokondria. Ikishabandikwa fosfeti, protini nyingine, Atg11, huikamata, kama kuli bandarini anavyolijua gunia kwa alama yake. Mitokondria hufungwa ndani ya utando wa tabaka mbili, hupelekwa kwenye vakuoli, huvunjwa, na malighafi yake hutumika upya. Ukiiondoa jeni ya Atg32, hamira bado itakula sehemu zake nyingine, lakini mitokondria itaziacha.

Binti mmoja aliuliza, "Mwalimu, zikibaki kuna ubaya gani?" Swali la maana sana. Njaa ya naitrojeni ikiendelea, mitokondria zisizopunguzwa hutoa kemikali kali za oksijeni zinazoharibu DNA yao wenyewe, hata seli nyingi zikapoteza uwezo wa kupumua, yaani kutumia oksijeni kupata nishati.

Sisi binadamu tuna njia zetu za kuondoa mitokondria, mojawapo ikitumia protini PINK1 na Parkin. Hitilafu katika jeni zake huweza kuleta ugonjwa wa Parkinson, wa kutetemeka na kukakamaa viungo, mapema. Hata hivyo, jaribio la hamira haliwezi kutuambia mtu akae saa ngapi bila kula. Hamira ilinyimwa naitrojeni ndani ya chupa. Aliyefunga ana ini na mafuta mwilini vinavyoendelea kumlisha. (Mfungo wa Ramadhani ni ibada, hauhitaji kutetewa kwa seli.) Ninayemhofia ni mgonjwa wa kisukari anayechoma insulini, atakayeifuata hiyo saa 16 bila kumuuliza daktari wake.

Mkiandika tena, tajeni jaribio lilifanywa kwa nani: hamira, panya au mtu. Na mwandishi wenu akipita Tanga, aje maabara yetu ya shule. Hamira ipo, na wanafunzi watamweleza wenyewe.

Mwalimu wa Baiolojia,
Tanga