Ukuta ni wangu, lakini bango halikuniuliza

Mhariri,

Julai 2022, siku mbili kabla ya Idd ya kuchinja, nilimlipa fundi akanipigia chokaa ukuta wa mbele wa nyumba yangu hapa Timbwani, Likoni, Mombasa. Asubuhi ya Idd nafungua mlango niende kuswali, nakuta karatasi kumi na moja za kampeni zimejipanga kutoka pembe hadi pembe. Uji wa ngano waliotumia kubandikia ulikuwa bado mbichi, unatiririka mpaka chini kwenye baraza. Nilipojaribu kubandua moja, ikatoka na chokaa yangu.

Siku chache baadaye niliwakuta wale vijana wenyewe, saa nne za usiku, na ndoo yao na fagio. Hawakuwa na ukorofi. "Mama, sisi tumetumwa tu," mmoja akaniambia, "lakini usizichane, utajitafutia kesi."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayonifanya niandike barua hii, kwa sababu yule kijana hakuwa mbali na ukweli. Kanuni za maadili zilizomo katika Sheria ya Uchaguzi zinakataza vyama, wagombea na wafuasi wao kuharibu au kuondoa kinyume cha sheria mabango ya wapinzani. Ni kanuni nzuri, naiunga mkono. Lakini mimi mwenye ukuta, nikichana karatasi niliyobandikiwa usiku bila kuulizwa, nitamthibitishia nani kwamba mimi si mfuasi wa upande wa pili? Bango lina wa kulitetea. Ukuta hauna.

Wapo watakaosema nalia kwa sababu ya chokaa. Chokaa itapigwa tena. Jambo linaloniuma ni kwamba ukuta wa nyumba ni ulimi wa mwenye nyumba. Mpita njia akiona picha ya mgombea mlangoni kwangu anajua, au anadhani anajua, nitampigia nani kura. Sisi tuliokuwa hapa Likoni Agosti 1997 hatuhitaji kuelezwa maana ya kudhaniwa. Watu waliotoka bara walishambuliwa, nyumba na vibanda vikachomwa, wengine wakakimbia na nguo walizovaa, kwa sababu walihesabiwa kuwa ni kura za upande fulani. Hakuna aliyewauliza. Ndiyo maana naona vibaya sana mtu kuja usiku kunitia upande nilipolala, mimi na wapangaji wangu wawili, ambao kila mmoja ana chama chake na hatujawahi kugombana.

Sitaki mabango yapigwe marufuku. Hilo naomba lisomwe vizuri, kwa sababu wakubwa wengine wangefurahi kulisikia. Mgombea wa udiwani asiye na pesa za redio wala za msafara wa magari hana njia nyingine ya kujulikana ila karatasi yake. Tukiweka ada kubwa ya kubandika, tutabaki na sura za matajiri peke yake. Na tukiwaachia askari wa kaunti wachague la kubandua na la kuacha, sote tunajua la nani litabaki.

Ninachotaka ni idhini. Mpwa wangu anaishi Minnesota, Marekani, na mwaka huohuo wa 2022 alinitumia picha za mtaa wao kabla ya uchaguzi wa Novemba. Huko vibao vidogo vya wagombea huchomekwa kwenye majani mbele ya nyumba. Nyumba hii ina cha chama hiki, inayofuata ina cha chama kile, ya tatu haina kitu. Akaniambia sheria ya jimbo lao inawaachia watu vibao vya ukubwa wowote na idadi yoyote kuanzia siku 46 kabla ya kura ya mchujo hadi siku 10 baada ya uchaguzi mkuu, lakini uwanja wa mtu ni wa mtu, na kando ya barabara kuu hairuhusiwi. Nikaitazama sana ile nyumba ya tatu. Kutokuwa na kibao nako ni kusema.

Hapa kwetu mambo hayana mwisho. Kura moja ina viti sita: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wadi, na kila kiti kina wawaniaji wake. Mombasa tuliongezewa na siku, kwani kura ya ugavana iliahirishwa kutoka 9 Agosti hadi 29 Agosti baada ya karatasi za kura kupatikana na picha zisizo sahihi za wagombea. Uchaguzi ukaisha, mabango yakabaki. Mvua ikayachana nusu nusu. Mmoja wa wagombea wawili waliobandikwa ukutani kwangu alishindwa, na jicho lake la kushoto lilikaa hapo mwaka mzima.

Nilipouliza katika ofisi moja nani anapaswa kuyaondoa, nikaambiwa ni mwenye ukuta. Yaani aliyebandika hakuniomba, lakini kubandua ni juu yangu! Jirani yangu mwenye duka hulipia kibao cha duka lake kila mwaka, tena kimetundikwa juu ya mlango wake mwenyewe.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti udhibiti wa matangazo ya nje, kwa hiyo hatuna haja ya kungoja Nairobi. Nawaomba wawakilishi wetu wa wadi walete hoja kabla kampeni za uchaguzi wa 10 Agosti 2027 hazijapamba moto. Mgombea apate ruhusa ya mwenye nyumba, iliyoandikwa, hata kama ni mistari miwili. Mwenye nyumba aweze kubandua asichokiruhusu bila kuogopa kesi. Miti, nguzo za stima, kuta za shule na za nyumba za ibada ziachwe. Na kila mgombea, aliyeshinda na aliyeshindwa, aondoe vyake ndani ya siku 10, au atozwe gharama ya kuondolewa. Sheria iwe moja kwa aliye madarakani na kwa anayekitafuta kiti.

Miti nimeitaja kwa sababu mbele ya nyumba yangu pana mwarobaini ambao kina mama hukaa kivulini mwake kuuza mahamri na mbaazi. Baada ya uchaguzi ule nilichukua koleo nikang'oa misumari 23 kwenye shina lake. Penye msumari gome limepasuka na utomvu umegandia. Misumari hiyo ninayo kwenye kopo, na mwakilishi atakayeipeleka hoja hii barazani nitampa aende nayo.

Mama mwenye nyumba,
Timbwani, Likoni