Usimlete Mbwa Asubuhi ya Safari

Sisi tunalaza na kutunza mbwa wa watu wanaosafiri, na Desemba ikikaribia, simu zetu huanza kuita. Mwalimu anakwenda kwao Kilimanjaro, mtumishi wa benki anarudi Mbeya kuwaona wazazi, wenzetu wa gesi kule Madimba wamepata likizo, na kila mmoja ana mbwa nyumbani ambaye hapandi basi. Wengi hupanga mapema. Lakini haukosi mwaka bila simu ya saa kumi alfajiri: "Dada, niko njiani na mbwa, basi linaondoka saa kumi na mbili, nakuachia hapo getini." Tunamjibu kwamba hatutaweza kumpokea. Jibu hilo linamuuma mtu aliyekwishakata tiketi, tunalijua, ndiyo maana leo naeleza sababu zake kwa kirefu.

Kazi hii tunaifanya kifamilia: mimi, mume wangu, mama mkwe wangu ambaye watoto wanamwita Bibi, watoto wenyewe shule zikifungwa, na kijana mmoja anayetusaidia. Mabanda yako nyuma ya nyumba, nje kidogo ya mji wa Mtwara kwenye barabara ya Naliendele, chini ya mikorosho. Mbwa wa kila namna wanalala kwetu. German Shepherd wa kulinda ghala atakuwa banda hili, na banda la jirani yake yumo mbwa koko aliyeokotwa ufukweni Shangani akalelewa na watoto wa nyumba. Wote kwetu ni wageni, na chakula chao kinapikwa kwa moyo uleule.

Usiku wa kwanza ndio mgumu. Mbwa hajui maana ya likizo. Anachojua ni kwamba mtu wake ametoka getini, gari likaondoka, na hajarudi. Atasimama kuelekea geti, masikio mbele. Atapiga miayo mfululizo na kulamba midomo. Mwenyewe akiona video niliyomtumia huniambia, "Naona ana usingizi," kumbe ile miayo ni wasiwasi. Wengine huhema kama waliokimbia ilhali wamekaa kivulini. Na wengi hawagusi chakula.

Kutokula kwa siku moja hakututishi, wala kusikutishe wewe. Mbwa mzima mwenye afya anaweza kupitisha siku nzima, hata na ya pili, bila kula na asidhurike. Kitoto cha mbwa ni habari nyingine, hicho hakisubiriwi. Tunachokifuatilia kwa mgeni ni maji na ufizi. Mume wangu huinua mdomo wa mbwa taratibu, akabonyeza ufizi kwa kidole gumba mpaka ukawa mweupe, kisha akaachia. Rangi ya waridi ikirudi ndani ya sekunde mbili, damu inatembea sawasawa. Ikichelewa, au ufizi ukiwa umepauka tangu mwanzo, au umekauka na kunata, hapo hatusubiri kuche. Kipimajoto nacho kipo: mbwa mzima huwa kati ya nyuzi 38 na 39 na kidogo, kwa hiyo joto ambalo kwa mtoto wako ungeita homa, kwa mbwa ni la kawaida.

Sasa fikiria usiku huo unapita wakati wewe uko ndani ya basi. Kama mbwa wako ni yule wa kuruka ukuta, au wa kujiuma mkia mpaka damu, nani atakuja kumtuliza? Ndiyo maana tunakuomba umlete kwanza jioni moja atembee uwanjani mkiwa wote, halafu alale kwetu usiku mmoja wiki moja au mbili kabla ya safari, wewe ukiwa bado mjini. Asubuhi unakuja kumchukua. Akirudi mara ya pili, anakuwa amekwishajifunza jambo kubwa: hapa mtu huachwa na hufuatwa. Tofauti inaonekana kwa macho. Mbwa aliyelala usiku wa majaribio mara nyingi hula jioni ya kwanza ya safari yenyewe.

Kinachomtuliza baada ya hapo ni siku kwenda vilevile kila siku. Tunaamka kabla ya adhana ya alfajiri, na si kwa sababu ya ibada peke yake. Mbwa asiyezoea kipaza sauti akisikia adhana hunyanyua pua na kulia sauti ndefu, na akianza mmoja wanaitikia wote. Tuna majirani wazee, na msikiti hauko mbali. Kwa hiyo muadhini anapoanza, mbwa wetu wanakuwa wamekwishatoka kujisaidia na sahani ziko mbele yao. Mdomo ulio kwenye sahani haulii. Mzee mmoja jirani aliwahi kuja kwa upole, "Mama, wageni wako jana wamesumbua." Nikamwambia, "Shikamoo babu, utuwie radhi, ni mgeni mmoja, kesho atazoea." Tangu tulipohamisha chakula cha asubuhi kikatangulia adhana, hajapata sababu ya kurudi kwa jambo hilo, huja kwa salamu tu.

Niseme na hili, kwa kuwa wateja Waislamu huuliza na wana haki ya kuuliza. Kijana wetu ni Mwislamu. Ana nguo zake za kazi ambazo haziingii ndani, ndoo zake, na chombo cha udongo safi kwa ajili ya kujitwaharisha, mara saba, moja yake kwa udongo, kama alivyofundishwa madrasa. Vyombo vya mbwa havichanganywi na vya nyumba hata siku moja. Mwenye mbwa wa kulinda shamba au ghala anaweza kumleta na kumchukua bila kulazimika kumshika. Tunampokea kwenye gari.

Baada ya chakula ni kufagia, na huku kwetu kufagia si usafi tu. Kuanzia Oktoba mabibo yanaanguka usiku kucha. Mbwa wanayapenda kwa utamu wake, lakini korosho mbichi iliyoning'inia kwenye bibo ina mafuta makali ndani ya ganda. Mbwa akiitafuna, midomo na ulimi vinababuka. Bibi anajua zaidi yetu sote. Amebangua korosho kwa mkono miaka mingi, na vidole vyake vina madoa ambayo hayakutoka tena. Ndiye anayeanza na ufagio, anaokota bibo kwa bibo na korosho yake, na hakuna mbwa anayefunguliwa kuingia uwanjani mpaka aseme. Miezi ya kusi, wakulima wanapopuliza salfa kuzuia ubwiriunga, ule ukungu mweupe wa mikorosho, vumbi la salfa huchoma macho. Majirani wenye mashamba hutuarifu siku ya kupuliza, nasi tunawabakiza mbwa ndani mpaka upepo utulie.

Saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni hakuna matembezi wakati wa joto. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, anajipoza kwa kuhema, na hewa ya pwani ikijaa unyevu kipindi cha kaskazi, kule kuhema hakumsaidii sana. Mbwa wa pua fupi ndio wanaoumia haraka zaidi. Hukaa kivulini na maji yanayobadilishwa, sakafu inamwagiwa maji, na kila mtu analala.

Turudi kwenye lile geti la alfajiri, maana kuna sababu ya pili na kwangu ndiyo nzito kuliko zote. Mtu mwenye haraka hana kadi ya chanjo mkononi. Hatumpokei mbwa yeyote bila kuona kadi ya kichaa cha mbwa, hata awe wa ndugu. Virusi vya kichaa vinakaa kwenye mate, na dalili zikishaanza, kwa mbwa au kwa binadamu, ni kifo karibu kila mara. Nina watoto wanaobeba sahani kuwapelekea mbwa wako. Chanjo ya kwanza huchomwa mbwa akifikisha miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka, na kinga ya ile ya kwanza huchukua kama wiki tatu hadi nne kujijenga. Kwa hiyo hata ukimpitisha kwa daktari wa mifugo asubuhi ile ya safari, bado hajakingwa. Lindi na Mtwara zilikuwa katika mradi mkubwa wa kuchanja mbwa miaka ya 2010, na Shirika la Afya Duniani linasema wakichanjwa asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Nawe ukiumwa na mbwa popote, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Usiweke dawa za mitaani, na usingoje kuona mbwa atakuwaje.

Kwa vitoto tunauliza pia chanjo ya parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo. Kitoto chenye parvo hutapika, huharisha damu yenye harufu kali isiyosahaulika, na kinaweza kufa ndani ya siku mbili tatu. Ubaya wake ni kwamba virusi hukaa ardhini miezi mingi. Sakafu ya saruji naweza kuisugua kwa dawa ya klorini, lakini uwanja wetu ni mchanga, na mchanga hausuguliki. Kitoto kimoja kilichofika kinaumwa kinaweza kuwaachia ugonjwa wageni wa mwaka mzima.

Kupe tunawakagua mbele yako, getini: ndani ya masikio, katikati ya vidole, chini ya mkia, kwenye kwapa. Homa ya kupe hujionyesha wiki moja hadi tatu baada ya kuumwa, kwa hiyo bila ukaguzi wa pamoja hakuna atakayejua kupe alitoka kwako au kwetu. Ukaguzi huo hauchukui muda mrefu, ila basi la saa kumi na mbili halimsubiri mtu.

Chakula, njoo nacho cha nyumbani walau cha siku tatu nne, hata kama ni ugali na dagaa. Kubadilishiwa chakula ghafla, juu ya wasiwasi, ndiko kunakoleta kuharisha, si uchafu wa banda. Tunachanganya kidogo kidogo na cha kwetu: dona, vichwa vya samaki vilivyochemshwa na kuchambuliwa miiba, bila chumvi, bila kitunguu. Na hapa nina ombi la moyoni. Acheni kuwanunulia mbwa mahindi yaliyoota ukungu kwa sababu ni ya bei rahisi. Ule ukungu unaweza kuwa na sumukuvu, na kuupika hakuiondoi. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, na mbwa ni mmoja wa wanyama wanaoathirika upesi sana, ini linaharibika. Nimepokea mifuko ya unga ya aina hiyo kutoka kwa watu wanaompenda mbwa wao kweli. Naiweka pembeni na kumpikia dona ya watoto wangu.

Fomu yetu inauliza pia namba ya ndugu au rafiki aliyeko Mtwara. Wengine huiacha wazi. Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipokata barabara ya Dar es Salaam na Lindi pale Somanga, watu walikwama njiani na wenye mbwa wakawa hawajui watafika lini. Mbwa haongezewi gharama kwa siku za namna hiyo, lakini tunahitaji mtu wa kuamua naye kama atahitaji matibabu na wewe hupatikani. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka anayemshikilia mnyama amtunze na amtibu, na sisi tuko tayari. Idhini yako kwa maandishi hutuokolea muda kwa daktari.

Nafasi za Desemba tunaanza kuandika Oktoba, na usiku wa majaribio hatuutozi kwa mbwa anayekuja mara ya kwanza. Siku ya kumchukua njoo kabla jua halijazama ili tumkague tena pamoja. Atarukaruka, atakunywa maji mengi akifika nyumbani, kisha atalala sana siku mbili. Mpe maji kidogo kidogo na nusu ya chakula chake jioni ile. Kama siku ya tatu bado amelegea, au ufizi umepauka, mpeleke kwa daktari wa mifugo na utupigie. Tunaandika kwenye daftari kila alichokula na kila alipokwenda choo, na tutakupigia picha kurasa zake umwonyeshe daktari.