Klabu za huduma zitafute wanachama nje ya hoteli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo kila mwezi wa Agosti huzungumzwa sana ndani ya klabu za Rotary, shirika la kimataifa la watu wanaojitolea kuhudumia jamii, na kwa kawaida huishia humo humo ndani. Agosti ni mwezi ambao Rotary duniani kote huutenga kwa ajili ya kuongeza wanachama na kuanzisha klabu mpya. Mimi ni mwanachama wa klabu moja ya mkoani, na ninaandika kwa sababu nimechoka kusikia vikao vyetu vikihitimisha kwamba idadi yetu haikui kwa kuwa Watanzania hawana moyo wa kujitolea. Anayesema hivyo bila shaka hajapata kukaa mtaani siku ya msiba.

Kikundi cha kufa na kuzikana katika mtaa wowote wa mji wetu kina katiba, daftari la mahudhurio, mweka hazina anayeogopwa na faini kwa anayechelewa. Vikundi vya VICOBA vya kuweka akiba na kukopeshana, ambavyo tangu kupitishwa kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 vinatakiwa kusajiliwa, hukutana kila wiki bila kukumbushwa na mtu, na vingi vina mfuko wa jamii wa kumsaidia mwenzao aliyeuguliwa. Vijijini, wananchi hukusanya mawe, mchanga na maji, wakainua boma la darasa au zahanati hadi kwenye lenta, kisha wakasubiri halmashauri ije kuezeka, wakati mwingine kwa miaka. Upareni na Usambaani wana msaragambo, na sehemu nyingine za nchi zina majina yao kwa kazi ya namna hiyo hiyo. Watu hawa wote wanajitolea, na wamekuwa wakijitolea kabla klabu zetu hazijafika Afrika Mashariki, ambako klabu ya Rotary ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1930 na nyingine zikafuata. Swali la kujiuliza ni kwa nini watu hao hatuwaoni kwenye mikutano yetu.

Jibu langu la kwanza ni hoteli. Klabu nyingi hukutana hotelini, saa za chakula cha mchana au jioni baada ya kazi, na kila anayehudhuria hulipia chakula. Mlo huo mmoja mara nyingi unazidi ujira wa saidia fundi wa siku nzima, na ukizidisha kwa mikutano ya mwezi, kisha ukaongeza ada ya klabu, ada ya kimataifa inayokokotolewa kwa dola, na michango ya dharura ambayo haikosekani, unapata gharama ambayo mwalimu wa shule ya msingi hawezi kuibeba hata akiwa na moyo mkubwa kiasi gani. Sehemu kubwa ya fedha hiyo haimfikii mgonjwa wala mwanafunzi yeyote, bali inabaki jikoni kwa mwenye hoteli. Kila mkutano tunakariri maswali manne ya Rotary ya kupima mwenendo wetu, yaliyotungwa mwaka 1932, na swali la pili linauliza kama jambo tunalolifanya ni la haki kwa wote wanaohusika. Sikumbuki tukiliuliza swali hilo kuhusu bei ya sahani ya chakula.

Waanzilishi wenyewe hawakuanza hivyo. Tarehe 23 Februari 1905, mjini Chicago, mwanasheria Paul Harris alikutana na wenzake watatu ofisini kwa mmoja wao, na baada ya hapo wakawa wanakutana kwa zamu katika sehemu zao za kazi. Kati ya hao wanne mmoja alikuwa mhandisi wa migodi, mwingine alikuwa akiuza makaa ya mawe, na wa nne alikuwa na biashara ya ushonaji. Kazi yao ya kwanza kubwa kwa ajili ya mji wao, miaka michache baadaye, ilikuwa kusaidia kupatikana kwa vyoo vya umma. Ningependa kumwuliza rais yeyote wa klabu anayesoma barua hii: katika orodha yako ya wanachama yuko wapi fundi cherehani, na yuko wapi muuza mkaa? Tunayo desturi ya kujivunia kwamba klabu inapaswa kuwa na mtu kutoka kila fani, lakini kwa vitendo fani tunazozijua ni benki, sheria, udaktari, uhasibu na mashirika yasiyo ya kiserikali.

La pili ni lugha. Katika mji ambao hotuba za mkuu wa mkoa, mahubiri ya Ijumaa na Jumapili, na hata ugomvi wa stendi vyote huendeshwa kwa Kiswahili, mkutano wetu huendeshwa kwa Kiingereza kuanzia kengele ya kufungua hadi ya kufunga. Nimeshuhudia mgeni, mama mwenye duka la pembejeo anayefahamika mji mzima kwa kuwakopesha wakulima mbegu, akikaa saa nzima akitabasamu, na alipopewa nafasi ya kujitambulisha akataja jina lake tu na kuketi. Hakurudi. Baadaye kikao cha uongozi kiliandika kwamba hakuonyesha nia. Najua ipo hoja kwamba Kiingereza kinatuwezesha kuwapokea wageni kutoka nje na kuandika maombi ya fedha kwa wafadhili, na hoja hiyo ina uzito, lakini barua ya mfadhili huandikwa na mtu mmoja au wawili mezani kwao, na haiwalazimu watu thelathini kuzungumza kwa lugha ambayo wengi wao wakitoka nje ya ukumbi hawaitumii hata kuulizana hali.

Jambo la tatu si rahisi kulisema hadharani, nalo ni hesabu zetu. Mwaka wa Rotary huanza Julai mosi, na ada ya kimataifa hutozwa mara mbili kwa mwaka, kwa kuzingatia idadi ya wanachama walioorodheshwa Julai mosi na Januari mosi. Wanaoshughulika na madaftari wanajua kinachotokea: mwezi Juni majina hufutwa ili klabu isidaiwe kwa ajili ya watu ambao hawajaonekana kwa miezi, kisha katika miezi inayofuata majina mapya huandikwa kwa haraka, kwa sababu rais mpya ameahidi ongezeko na anataka kutambuliwa kwenye mkutano mkuu wa wilaya ya Rotary, ambayo si wilaya ya serikali bali ni muungano wa klabu nyingi. Ndipo tunapoona picha za wanachama wapya wakivishwa beji, huku anayewavisha akiwa hajui mmoja anafanya kazi gani na mwingine anaishi wapi. Mtu aliyeingia hivyo hakupewa kazi, hakupewa mlezi wa kumwelekeza, na hakuelezwa ada yote kabla ya kukubali. Kutoka kwake mwezi Juni kusimshangaze mtu.

Shida hii haiko kwetu pekee. Idadi ya wanachama wa Rotary duniani imekuwa ikizunguka milioni 1.2 kwa zaidi ya miaka 20, kwa kuwa wanaoingia wanakaribia kulingana na wanaotoka, na klabu nyingi za Marekani na Ulaya zina wanachama wenye umri mkubwa. Klabu za Lions, zilizoanzishwa mwaka 1917 na zinazojulikana kwetu kwa kambi za macho na upasuaji wa mtoto wa jicho, nazo hulia kilio kama hicho. Lakini historia inaonyesha kwamba mashirika haya yalikua pale yalipokubali kufungua mlango uliokuwa umefungwa. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1980 wanawake hawakuruhusiwa kuwa wanachama. Lions waliwafungulia mwaka 1987, na Rotary ikabadilisha katiba yake mwaka 1989, baada ya Mahakama ya Juu ya Marekani kuamua dhidi yake katika kesi iliyotokana na klabu ndogo ya Duarte, California. Waliokuwa wakipinga walisema hadhi ya klabu itashuka. Leo ni vigumu kufikiria klabu yoyote ya Tanzania ikiendeshwa bila wanawake, na mwaka 2022 mwanamke wa kwanza, Jennifer Jones wa Kanada, alishika urais wa Rotary ya kimataifa. Vijana wa Rotaract nao, yaani klabu za vijana za Rotary, ambao kwa miaka mingi walihesabiwa kama watoto wa nyumbani, sasa klabu zao ni wanachama wa Rotary ya kimataifa, na kikomo cha umri wa miaka 30 kiliondolewa mwaka 2020.

Hoja ya hadhi itarudi tena, kwa hiyo niijibu mapema. Ni kweli klabu inahitaji watu wenye kipato na wenye kufahamiana na wakubwa. Ruzuku kubwa za mfuko wa Rotary hutolewa kwa miradi ya kuanzia dola 30,000, na hakuna kikundi cha mtaani kitakachoandaa mradi wa kiasi hicho peke yake. Ninachokiomba ni kwamba mwenye benki na mwenye cherehani waweze kuketi kwenye mkutano mmoja, na kanuni hazizuii. Tangu mwaka 2016 klabu zina uhuru mpana wa kupanga mikutano yao na aina za uanachama wao, mradi zikutane angalau mara mbili kwa mwezi. Hakuna kifungu kinachosema lazima pawe na chakula. Mkutano mmoja wa mwezi unaweza kufanyika kwenye ukumbi wa ofisi ya kata au darasani Jumamosi, kwa Kiswahili, kwa chai na maandazi, na mkutano wa pili ukawa ni kazi yenyewe, pale pale kwenye boma linalosubiri kuezekwa.

Huko kwenye boma ndiko ningeanzia kutafuta wanachama. Tarehe 25 Agosti 2020 Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilithibitishwa kuwa haina tena virusi asilia vya polio, na Rotary ilikuwa na haki ya kusherehekea, kwa kuwa iliibeba kampeni hiyo tangu mwaka 1985. Lakini waliopita nyumba kwa nyumba wakiwadondoshea watoto chanjo mdomoni walikuwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii na wananchi wa kawaida waliojitokeza kusaidia. Katika klabu yetu sijaona hata mmoja wao akialikwa kujiunga. Tuliwapa fulana, tukapiga nao picha, tukaagana nao.

Napendekeza basi mtu afanye kazi pamoja nasi kwa miezi kadhaa kabla ya kuvishwa beji, aelezwe kwa maandishi gharama zote za mwaka, na apewe mwanachama mmoja atakayewajibika kumpigia simu asipoonekana. Viongozi wa wilaya ya Rotary nao wanaweza kusaidia kwa jambo dogo lisilo na gharama: kila wanapotangaza idadi ya walioingia katika kila klabu, watangaze pia idadi ya waliotoka, na klabu itakiwe kuandika sababu iliyotolewa na aliyetoka mwenyewe, kwa maneno yake.

Mwanachama wa klabu ya huduma,
Kanda ya Ziwa