Upatu wangu wote umwendee paka?

Bi Mshauri, assalamu alaykum.

Nipo Wete. Nauza juisi na barafu nyumbani, na mume wangu ni dereva wa gari ya abiria ya Chake. Hatulali na njaa, wala hatuna akiba ya kutambia. Mwezi ujao ni zamu yangu ya upatu, nitapokea laki nane, na pesa hizo zina kazi yake tangu mwaka jana: friza la pili, maana hili nililonalo Ramadhani ikiingia linanielemea. Sasa paka ameingia baina yangu na hilo friza.

Paka mwenyewe ni dume, mwekundu, ndiyo maana mwanangu akamwita Shokishoki. Ana maradhi ya kuziba mkojo. Daktari alinieleza kuwa balaa hili ni la madume zaidi, kwa sababu njia yao ya mkojo ni nyembamba. Vijichanga vikijikusanya pamoja na ute, hapapiti kitu. Wenye paka dume wanisikilize hapa: ukimwona anachutama, anajikamua, anatoa tone au hatoi kabisa, huku analia na kujiramba, usidhani amefunga choo ukampa mafuta. Kibofu kinajaa, sumu inarudi kwenye damu, na siku mbili tatu zinatosha kumuua.

Daktari wetu wa mifugo hapa ni mtu wa ng'ombe, mbuzi na kuku, na mwenyewe hafichi. Alimpunguzia mkojo kwa sindano ya tumboni, akanambia niwahi Unguja. Nikamtia kwenye pakacha, nikapanda boti Mkoani. Huko akatiwa mpira, akalazwa, akapona. Kisha akaziba tena, safari ile ile, gharama zile zile. Na si kwamba nilipuuza. Chakula kikavu cha pakti nilikiacha, nikawa nampa samaki wa kuchemsha na supu yake isiyo na chumvi, na bakuli za maji zimejaa kila pembe mpaka wageni wanazipiga teke.

Sasa anakojoa vizuri, lakini daktari wa Unguja amesema akiziba tena, mpira si jawabu. Apasuliwe: ile sehemu nyembamba ikatwe, pafunguliwe tundu pana zaidi. Bei laki nne na nusu. Ukitia boti, dawa na siku za kukaa kwa wifi yangu Mwanakwerekwe, haipungui laki sita. Nikamuuliza kama huo ndio mwisho wa maradhi. Akasema hapana, kuziba kutapungua sana, ila vijichanga vyaweza kuendelea kufanyika ndani, na paka waliopasuliwa hivyo huwa wepesi kuingiwa na vijidudu kwenye kibofu. Nilimheshimu kwa kusema kweli, ingawa angenidanganya ningeamua upesi zaidi. Kama sitaki kupasua, alisema, ipo sindano ya kumlaza moja kwa moja.

Mume wangu kauli yake ni moja: "Upatu wako, pesa zako, mimi simo." Hayo ni maneno ya mtu aliyemo sana. Mavyaa, ambaye Shokishoki hulala miguuni kwake tangu alipofiliwa na mumewe, anasema sindano hiyo haiingii nyumba hii, roho huitoa aliyeitia. Lakini na kupasua nako hasemi tulipe. Mtu anayekataa njia zote mbili kabakisha ya tatu bila ya kuitaja: aachwe azibe, afe kwa maumivu barazani kwetu. Hilo mimi silikubali, na sijui nimwambie vipi mama wa mume wangu bila ya kumvunjia heshima.

Kinachoninyima usingizi hasa ni mlango wa pili. Mama wa jirani yangu alipelekwa Mnazi Mmoja hivi karibuni, tukachangishana, na mimi nikatoa elfu ishirini. Ndizo nilizokuwa nazo, upatu haujafika. Lakini nani atahesabu tarehe? Siku nitakayoonekana na pakacha, khabari itafika Konde kabla boti haijang'oa nanga: mgonjwa wa watu elfu ishirini, paka laki sita. Tena yule mama bado anahitaji dawa.

Ukinitajia hadithi ya yule mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka, naijua. Yule alimfungia, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie. Wangu anakula kuliko mimi. Hadithi ile inanikataza kumtesa. Hainambii nimpasue kwa laki ngapi. Nilimuuliza ustadhi wa mwanangu, akasema kumtibu mnyama kuna ujira, ila walio chini ya mikono yangu wana haki ya mwanzo. Sawa, lakini friza si mtoto. Friza laweza kungoja, na pengine hapo ndipo moyo wangu unapojificha.

Naomba unisaidie na hili. Niweke kikomo sasa, wakati paka ni mzima, nikiseme nyumbani kila mtu akisikie? Na kipimo chake kiwe nini: pesa niliyonayo, au matumaini ya kupona? Je, nikimsaidia jirani kwanza, hata kwa elfu hamsini, nitakuwa nimefanya wema au nimenunua midomo ya watu? Na mtoto wa miaka tisa anaambiwa nini ikiwa ni sindano?

Tafadhali nijibu mapema. Kijumbe kashaniuliza kama nitabadilishana zamu na mwenzangu anayeoza mwanawe, na kila siku namwambia angoje kidogo.

Mama Shokishoki (ndivyo wanavyoniita sasa),
Wete, Pemba