Kanda za wazee zisibanwe kiholela

Mhariri, naomba nafasi kidogo maana hili jambo limenikaa rohoni. Nilipeleka kanda ya marehemu baba anapiga udi kwenye harusi ya shangazi yangu, nikampa kijana mmoja anayeingizia watu nyimbo kwenye simu, nikamwambia, "Mwanangu, nihamishie kwenye flashi". Akanipa MP3, dakika 30 nzima zimekaa kwenye MB 7! Kusikiliza, udi unalia kama uko ndani ya maji na yale makofi ya kina mama yamegeuka mchakacho tu. Narudi kuulizia kanda, kashaitupa, eti si nimeshapewa faili.

Sasa watu wengi wanadhani kubana mziki ni kuukunja tu. Hapana. Kwenye CD sauti inapimwa mara 44,100 kwa sekunde, kila kipimo biti 16, tena kulia na kushoto, ndo maana dakika moja inakula kama MB 10. Wajerumani wa taasisi ya utafiti ya Fraunhofer kule Erlangen, kina Karlheinz Brandenburg na wenzake, wakatumia udhaifu wa sikio letu, yaani ngoma ikipigwa kwa nguvu humsikii anayenong'ona pembeni, basi MP3 inapunguza au inatupa kabisa zile sauti ambazo sikio lingezikosa, na ikiachiwa kilobiti 128 za data kwa kila sekunde, dakika inabaki MB 1 hivi na wengi hatugundui. Sina ugomvi na hilo, na bando zetu hizi imetusaidia sana. Lakini faili langu lilibanwa mpaka kilobiti 32, hapo inatupwa hata inayosikika, na kilichotupwa hakirudi, hata ukiligeuza faili kuwa la kilobiti 320 unaongeza uzito tu.

Kuna aina nyingine ya faili la sauti, FLAC, hiyo ndo inakunja kweli bila kutupa kitu, faili linabaki kama nusu hivi ya lile la mwanzo, ukilifungua sauti iko yote. Kwa hiyo jamani mwenye kanda za taarab, za dansi, za mawaidha, mwambie fundi ahifadhi kwanza WAV (faili la sauti ambalo kwa kawaida halibanwi) au FLAC, MP3 ya kutumiana itolewe humo baadaye, na kanda yako urudi nayo nyumbani.

Mimi nimebakiwa na kanda mbili za baba. Ndugu mhariri, kama kuna msomaji hapa Tanga mwenye deki nzima na anayejua kazi hii, naomba ajitokeze kupitia gazeti lako, nitazileta mwenyewe na nitakaa palepale mpaka zimalizike.

Msomaji wako,
Tanga